Alan Blumlein

Alan Dower Blumlein (Hampstead, London, 29 Juni 1903 – Welsh Bicknor, Herefordshire, 7 Juni 1942) alikuwa mhandisi wa umeme na mvumbuzi kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kama mvumbuzi wa sauti ya stereo, yaani mfumo wa kurekodi na kucheza sauti kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, ili msikilizaji atambue kila chombo cha muziki kinalia kutoka upande gani. Pamoja na hayo alichangia sana maendeleo ya simu za masafa marefu, televisheni ya elektroniki na rada. Katika maisha yake mafupi ya miaka 38 alipata hataza 128.

Kila priamplifaya ya nyumbani yenye njia mbili za sauti na kitufe cha kusawazisha kushoto na kulia hufuata kanuni alizoziandika mwaka 1931. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuwahi kuona santuri ya stereo ikiuzwa dukani. Alikufa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia akiwa katika kazi ya siri, na kwa sababu hiyo jina lake lilikaa miaka mingi bila kufahamika nje ya kundi la wahandisi wenzake.

Familia na elimu

Blumlein alizaliwa Hampstead, kaskazini mwa London. Baba yake, Semmy Blumlein, alizaliwa Ujerumani, akachukua uraia wa Uingereza. Alikuwa mfanyabiashara aliyeshughulika na fedha za migodi. Mama yake, Jessie Dower, alikuwa binti wa William Dower, mmisionari wa London Missionary Society aliyefanya kazi Kokstad, Afrika Kusini.

Akiwa na umri wa miaka 7 alitengeneza kengele ya mlangoni kwao iliyokuwa imeharibika, kisha akampelekea baba yake ankara ya malipo, akaitia sahihi kwa cheo cha mhandisi wa umeme. Kusoma, lakini, hakukumjia upesi. Dada yake alieleza kwamba hadi umri wa miaka 12 Alan alikuwa hajaweza kusoma vizuri. Mwenyewe hakukanusha, alijitetea tu kwamba wakati huo tayari alijua milinganyo mingi ya kipeo cha pili.

Alisoma Highgate School, kisha mwaka 1921 akapata nafasi ya masomo yenye ufadhili katika City and Guilds College, ambayo ni sehemu ya Imperial College London. Alionekana yuko mbele kiasi cha kuingizwa moja kwa moja mwaka wa pili. Mwaka 1923 alihitimu shahada ya sayansi kwa daraja la kwanza.

Kazi katika simu

Mwaka 1924 aliajiriwa na International Western Electric, kampuni ambayo baadaye iliitwa Standard Telephones and Cables. Mwaka huohuo, pamoja na Profesa Edward Mallett, alichapisha makala kuhusu kupima ukinzani wa umeme wa masafa ya juu, na makala hiyo ikapewa tuzo na Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya Uingereza. Alipima pia jinsi sikio la binadamu linavyoitikia sauti nene na sauti nyembamba. Ujuzi huo wa sikio ulikuja kumfaa baadaye.

Tatizo kubwa la simu za masafa marefu siku hizo lilikuwa mbili: sauti ilififia njiani, na mazungumzo ya laini moja yalivuja hadi kusikika katika laini ya jirani. Blumlein na mwenzake John Percy Johns walibuni koili za aina mpya za kufungwa kwenye laini, ambazo zilipunguza matatizo yote mawili. Vilevile alibuni kifaa cha kupimia mkondo geu ambacho wahandisi wanakiita hadi leo daraja la Blumlein. Kazi hizo mbili ndizo zilizompatia hataza zake za kwanza.

Kuhamia Columbia na EMI

Mwezi wa Machi 1929 aliacha kazi ya simu, akajiunga na Columbia Graphophone Company chini ya Isaac Shoenberg, mhandisi mzaliwa wa Urusi. Kampuni hiyo ilitengeneza santuri, na ilikuwa na mzigo wa kulipia: mashine ya kuchonga santuri iliyotumika wakati huo ilikuwa chini ya hataza ya Wamarekani, na kila santuri iliyouzwa ilidaiwa ada.

Shoenberg alimtaka Blumlein atafute njia ya kuukwepa mzigo huo kihalali. Akishirikiana na Herbert Holman, Blumlein alibuni kichwa cha kuchongea kilichotumia koili inayotikisika ndani ya uwanja wa sumaku. Kampuni ikaacha kulipa ada, na sauti yenyewe ikawa safi kuliko ya mashine ya zamani. Wawili hao walibuni pia maikrofoni ya kufanya kazi na mashine hiyo.

Mwezi wa Machi 1931 Columbia iliungana na Gramophone Company kuunda EMI. Maabara ya pamoja yalikuwa Hayes, magharibi mwa London, na huko Blumlein alifanya kazi hadi kufa kwake.

Uvumbuzi wa stereo

Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 Blumlein alikwenda sinema na mchumba wake, Doreen Lane, aliyekuwa mwalimu. Filamu zenye sauti zilikuwa bado jambo jipya. Jambo moja lilimkera: mwigizaji alitembea kutoka ukingo mmoja wa pazia hadi mwingine, lakini sauti yake ilibaki palepale ilipokuwa spika. Alimwambia Doreen kwamba anayo njia ya kuifanya sauti imfuate mtu anayetembea. Wawili hao walioana mwaka 1933, wakajaliwa watoto wawili wa kiume.

Maandishi yake ya kwanza kuhusu jambo hilo ni ya Septemba 1931. Tarehe 14 Desemba 1931 aliwasilisha ombi la hataza, na mwezi wa Juni 1933 ombi hilo likakubaliwa kwa namba 394,325. Hati hiyo ina madai 70. Ndani yake hakuna neno stereo. Blumlein aliita mfumo wake sauti ya masikio mawili.

Ili kuelewa alichokiona, tuanze na sikio. Mtu akiitwa kutoka upande wa kushoto, sauti hufika sikio la kushoto mapema kidogo kuliko la kulia, na ubongo hutumia tofauti hiyo ndogo ya wakati kujua upande. Wengi wangefikiri basi kwamba spika mbili lazima zicheleweshane ili kumdanganya msikilizaji. Blumlein alionyesha kwamba si lazima. Spika zikiwa mbili mbele ya msikilizaji, kila sikio husikia spika zote mbili, ile ya mbali ikichelewa kidogo. Spika moja ikipewa nguvu zaidi kuliko nyingine, michanganyiko inayofika masikioni inatofautiana, na kwa sauti nene tofauti hiyo ni ileile ya wakati ambayo ubongo umeizoea. Kwa hiyo mhandisi anahitaji kucheza na jambo moja tu: nguvu ya kushoto ikilinganishwa na nguvu ya kulia.

Kutoka katika wazo hilo hati ilieleza mambo kadhaa, miongoni mwake:

- Maikrofoni mbili zilizowekwa mahali pamoja, zikielekea pande mbili kwa pembe ya nyuzi 90. Mpangilio huo unatumika hadi leo katika kurekodi muziki na unaitwa jozi ya Blumlein.
- Sakiti ya kubadilisha tofauti za wakati kati ya maikrofoni mbili ziwe tofauti za nguvu kati ya spika mbili.
- Njia ya kujumlisha na kutoa ishara za kushoto na kulia, ili mhandisi aweze kupanua au kubana picha ya sauti.
- Santuri yenye mfuo mmoja unaobeba njia mbili, kila ukuta wa mfuo ukibeba njia yake, na kuta zote mbili zikiinama kwa nyuzi 45.

Wazo la mwisho lina faida ambayo wanafunzi wa fizikia watalipenda. Sindano ikisogea kushoto na kulia inabeba jumla ya njia mbili. Ikipanda na kushuka inabeba tofauti yake. Gramafoni ya zamani inasoma mwendo wa kushoto na kulia peke yake, kwa hiyo husikiliza jumla, yaani muziki wote bila kupoteza chombo chochote.

Majaribio

Santuri za kwanza za stereo zilichongwa Hayes mwezi wa Desemba 1933. Katika baadhi ya majaribio wahandisi walitembea chumbani huku wakizungumza, ili kuhakikisha kwamba sauti inahama pamoja nao. Mwezi wa Januari 1934 vifaa vilipelekwa studio za Abbey Road, ambako walimrekodi Sir Thomas Beecham akiongoza okestra katika simfonia ya Mozart iitwayo Jupiter. Mwaka 1935 walitengeneza filamu fupi zenye sauti ya stereo; inayojulikana zaidi inaonyesha treni zikipita kituo cha Hayes, na sauti ya kila treni inapita pamoja na treni yenyewe.

Blumlein hakuwa peke yake katika fani hii. Nchini Marekani watafiti wa Bell Laboratories walirekodi okestra ya Philadelphia chini ya Leopold Stokowski kwa njia mbili mwaka 1932, na Arthur Keller wa maabara hayo alifikia kwa upande wake wazo la njia mbili katika mfuo mmoja. Lakini hati ya Blumlein ilitangulia, na ilieleza mfumo mzima kuanzia maikrofoni hadi spika.

Hata hivyo EMI haikuuza kitu. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, na watu wengi hawakuwa na uwezo wa kununua gramafoni ya pili. Santuri za wakati huo zilikuwa na mikwaruzo mingi na zilicheza kwa dakika chache tu kila upande. Isitoshe, kampuni ilikuwa na kazi nyingine ya haraka zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 majaribio ya stereo yaliwekwa kando.

Televisheni

Kazi hiyo ya haraka ilikuwa televisheni. Timu ya Shoenberg, ambayo Blumlein alikuwa mmoja wa nguzo zake, ilijenga mfumo wa kielektroniki wa mistari 405. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza matangazo ya kawaida ya televisheni kutoka Alexandra Palace, ikitumia kwa zamu mfumo huo na ule wa John Logie Baird wa mistari 240. Miezi michache baadaye mfumo wa Baird uliachwa. Mistari 405 ilitumika Uingereza hadi miaka ya 1980.

Katika kazi hiyo Blumlein alibuni sakiti nyingi ambazo zilikuja kutumika mbali na televisheni. Mashuhuri kati yake ni jozi ya vali mbili zinazogawana rezista moja, aliyoiombea hataza mwaka 1936. Sakiti hiyo hukuza tofauti kati ya waya mbili na kupuuza kila kinachoingia katika waya zote mbili kwa pamoja, kama vile kelele za umeme wa mtaani. Ilihitajika ili picha zisafiri katika kebo ndefu mjini London bila kuchafuka. Mwezi wa Mei 1937 BBC ilitangaza maandamano ya kutawazwa kwa Mfalme George VI, na picha zilipita katika kebo maalumu kutoka Hyde Park Corner.

Vita, rada na kifo

Vita vilipokaribia, ujuzi wa Blumlein ulihamishiwa ulinzi. Kwanza alisaidia kuboresha vifaa vya kutafuta ndege kwa kusikiliza mngurumo wake usiku. Hapo elimu yake ya masikio mawili ilitumika moja kwa moja. Baadaye alifanya kazi ya rada za kufungwa ndani ya ndege.

Mwaka 1942 EMI ilishiriki kutengeneza rada iliyoitwa H2S. Rada hiyo ilitumia magnetroni, kifaa kilichobuniwa Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 1940, na iliweza kumwonyesha rubani ramani ya ardhi iliyo chini yake hata usiku na juu ya mawingu.

Jumapili ya tarehe 7 Juni 1942 Blumlein aliruka kutoka uwanja wa Defford katika ndege aina ya Halifax, namba V9977, kwenda kuona H2S ikifanya kazi. Alasiri hiyo injini moja ya upande wa kulia ilishika moto, na ndege ikaanguka karibu na kijiji cha Welsh Bicknor, kando ya mto Wye. Watu wote 11 waliokuwamo walikufa. Miongoni mwao walikuwa wenzake wawili wa EMI, Cecil Browne na Frank Blythen, pamoja na wanasayansi wa serikali na wanajeshi wa anga. Uchunguzi ulionyesha kwamba nati moja ndani ya injini haikuwa imekazwa sawasawa wakati wa matengenezo.

Blumlein aliacha mjane na watoto wawili wadogo. Kwa kuwa adui hakutakiwa kujua Uingereza imepoteza wataalamu wa namna gani, habari hiyo haikutangazwa wakati huo, na magazeti hayakuandika tanzia yake. Kazi ya H2S iliendelea chini ya Bernard Lovell, na mwanzoni mwa mwaka 1943 rada hiyo iliingia vitani. Iliwaongoza Waingereza kushambulia miji ya Ujerumani usiku, na rada ya baharini iliyotokana nayo ilisaidia kutafuta nyambizi katika Atlantiki.

Stereo baada ya kifo chake

Vita vilipokwisha, vikwazo vya stereo viliondoka kimoja kimoja. Mwaka 1948 ilitoka santuri ya vinili inayocheza polepole, yenye utulivu na muda mrefu. Tepu za sumaku zilienea. Mwaka 1955 EMI ilianza kuuza tepu za stereo kwa jina la Stereosonic, zilizorekodiwa kwa mbinu za Blumlein. Mwaka 1958 santuri za stereo zilienea sokoni Ulaya na Marekani, zikiwa na mfuo wenye kuta za nyuzi 45, kama alivyoueleza mwaka 1931. Wakati huo muda wa hataza yake ulikuwa umekwisha, na mvumbuzi alikuwa kaburini miaka 16.

Kanuni zake katika priamplifaya ya nyumbani

Priamplifaya ni kifaa kinachokaa kati ya chanzo cha sauti na amplifaya kubwa inayosukuma spika. Hupokea ishara, huchagua chanzo, huongeza au kupunguza sauti na kusawazisha pande mbili. Sifa zinazoangaliwa na mnunuzi zinaeleweka vizuri zaidi kwa kuzihusisha na kazi ya Blumlein.

Ya kwanza ni ulinganifu wa njia mbili. Kwa kuwa mahali pa sauti panatokana na tofauti ya nguvu, njia moja ikizidi nyingine bila kukusudiwa, picha yote huegemea upande huo. Kasoro hiyo hujitokeza mara nyingi katika vitufe vya sauti vya bei nafuu vinapokuwa chini kabisa. Namna ya kuipima ni rahisi: hucheza sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa kwa njia moja, kwa sauti ya chini, na kusikiliza kama inabaki katikati ya spika.

Ya pili ni utengano. Ishara ya kushoto ikivujia kulia, picha hupungua upana; ikivuja yote, stereo haipo tena. Lakini katika santuri sindano yenyewe huvujisha zaidi kuliko priamplifaya nzuri, kwa hiyo namba kubwa sana za utengano katika karatasi ya maelezo hazibadilishi mengi masikioni.

Ya tatu ni mlango wa santuri. Sindano ya kawaida ya sumaku inayotikisika hutoa milivolti chache tu, wakati kichezeshi cha CD hutoa takriban volti 2. Sindano ya koili inayotikisika hutoa kidogo zaidi ya hapo, mara nyingi chini ya milivolti 1. Priamplifaya isiyo na mlango unaofaa sindano husika haitoshi, hata kama ni ya bei kubwa. Mlango huo pia hurudisha sauti nene iliyopunguzwa na kushusha sauti nyembamba iliyoongezwa wakati wa kuchonga, kwa kipimo kilichokubaliwa mwaka 1954.

Ya nne ni swichi ya mono. Kwa santuri za zamani za njia moja, swichi hiyo hujumlisha pande mbili na kufuta mwendo wa sindano wa kupanda na kushuka. Kwa kuwa katika santuri hizo mwendo huo haubebi muziki, kinachofutwa ni kelele tu.

Na ndani ya kifaa, jozi ya mwaka 1936 ingalipo. Vali zimebadilishwa na transista katika vifaa vingi, lakini mpangilio ni uleule, nao ndio mlango wa kuingilia ishara katika amplifaya nyingi za leo.

Kumbukumbu

Mwaka 1977 kibao cha buluu cha ukumbusho kiliwekwa kwenye nyumba aliyoishi Ealing, London. Wasifu wake kamili ulichelewa sana: vitabu viwili vikubwa kuhusu maisha yake vilitoka mwaka 1999 na 2000, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake. Mwaka 2015 taasisi ya wahandisi ya IEEE iliutambua uvumbuzi wake wa stereo kwa kibao huko Abbey Road, na mwaka 2017 alitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi. Baadhi ya rekodi zake za majaribio za miaka ya 1930 zimehifadhiwa na zinasikika hadi leo.